Ulipima Baiskeli, Mimi Hukunipima

"Usiiegemeze hapo. Ukuta umepakwa rangi jana."

"Niiweke wapi, kichwani?"

"Ukipenda. Kichwa chako kina nafasi."

Twiga alibaki mlangoni mwa karakana ameishika baiskeli kwa usukani, akimtazama mkewe kama mtu anavyomtazama askari aliyemsimamisha barabarani. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi, hakuinua macho. Aliendelea kukaza spoki za gurudumu la mteja, moja baada ya nyingine, kana kwamba kilichoingia ni upepo tu. Ilikuwa miezi mitatu tangu abebe nguo zake kutoka nyumbani kwao, na katika miezi hiyo hawakuwahi kuwa chini ya paa moja.

Nyuma ya Twiga akajitokeza dada yake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Wifi, hata salamu hakuna?"

"Wewe karibu, wifi yangu. Wewe nakusalimia. Huyo uliyekuja naye simjui."

"Utamjua leo. Nimemleta kwa kumburuta. Mashindano yao ni Jumapili ijayo, na kila akipanda hilo dude anarudi uso umekunjamana kama kala ndimu. Mafundi watatu wamemshindwa. Mpange akae vizuri. Mkimaliza, kama mnataka kuchinjana, chinjaneni. Mimi nakwenda kusuka nywele."

"Mwambie kaka yako akatafute fundi wa nne."

"Mwambie mwenyewe. Masikio anayo."

Twiga akaingiza mkono kwenye mfuko wa nyuma wa fulana yake ya baiskeli, akatoa karatasi zilizokunjwa mara tatu. Fundi alizitambua kabla hazijakunjuliwa. Ni yeye aliyezituma kupitia kwa wakili, mara mbili, na mara mbili hazikurudi. Zilikuwa karatasi za kuachana.

"Nipange kama zamani," Twiga alisema. "Vipimo vile vile, mkao ule ule. Ukimaliza nasaini hapa hapa, juu ya meza yako. Wewe unapata unachotaka, mimi napata ninachotaka."

Wifi akageuka kama aliyemwagiwa maji.

"Hee! Hayo hukuniambia njiani!"

"Ningekuambia usingenileta."

Fundi akaweka spana chini. Kwa mara ya kwanza akamtazama mumewe usoni. Alikuwa amekonda. Macho yameingia ndani. Akajisemea moyoni kwamba hayamhusu.

"Unasaini kweli?"

"Lini nimewahi kukudanganya?"

"Usinifanye nianze kuhesabu, wifi atachelewa saluni. Funga baiskeli kwenye stendi."

*

Baiskeli ile Fundi aliijenga mwenyewe, kipande kwa kipande, mwezi mmoja kabla ya harusi yao. Ilikuwa ya ule mchezo wa mashindano matatu, ambapo mtu anaogelea, anapanda baiskeli, kisha anamalizia kwa kukimbia, yote kwa pumzi moja. Mpandaji hakai wima. Analala mbele, viwiko juu ya vibao viwili vidogo, mgongo umenyooka chini, ili upepo umpite juu. Mkao huo ukikosewa kwa upana wa kidole kimoja tu, mtu hulipia kwa goti, kwa shingo au kwa kiuno. Fundi alimpima Twiga siku mbili nzima. Toka mhimili wa pedali hadi juu ya tandiko ilikuwa sentimita themanini na mbili. Namba hiyo aliijua kama wenzake wanavyojua tarehe za kuzaliwa za watoto wao.

Ndiyo maana siku ile, miezi mitatu nyuma, alipoikuta uani akataka kuipangusa vumbi, mikono ilimganda. Tandiko lilikuwa limeshushwa. Alipima. Sabini na nane na nusu. Vibao vya viwiko vilikuwa vimeinuliwa na kuvutwa nyuma. Mtu mwingine angesema baiskeli imechezewa. Fundi aliona mwili. Kwa ujuzi wake wote, ile ilikuwa baiskeli iliyopangiwa mtu mfupi kuliko Twiga, mwenye mikono mifupi, na aliyeipanga hakuwa amebahatisha.

Akamwuliza mumewe nani anaipanda. Mumewe akasema hakuna. Akamwuliza mara ya pili, Twiga akanyamaza, na ukimya ule ukamwambia Fundi kila alichotaka kusikia. Kwake yeye, kumpa mwanamke mwingine baiskeli ile kulikuwa kubaya kuliko kumpa kitanda. Na mwanamke mfupi aliyekuwa na Twiga kila siku alikuwa mmoja tu, mwalimu wake wa kuogelea.

Alichokwenda kufanya kule bwawani, mji mzima ulisimuliana.

*

"Panda."

Twiga akapanda. Gurudumu la nyuma lilikuwa limebanwa kwenye stendi ya chuma, likazunguka pale pale.

"Lala kwenye vibao."

"Nimelala."

"Hujalala, umejikunyata. Shusha mabega."

"Ndiyo hivi nilivyo."

"Nakujua ulivyo. Shusha mabega."

Alipima tandiko. Themanini na mbili kamili. Akaguna.

"Kwa hiyo mlipomaliza starehe zenu ukarudisha vipimo vyangu."

"Panga baiskeli, Fundi. Hotuba hazimo kwenye makubaliano."

"Naongea na baiskeli."

Akachuchumaa kando ya mguu wa kulia, akaning'iniza timazi kutoka kwenye goti, kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwa uzi, na kuangalia kinapoangukia. Kikaangukia penyewe. Akahamia mguu wa kushoto, nao ulikuwa sawa. Akapima pembe ya goti pedali ikiwa chini. Sawa. Kwenye vipimo hapakuwa na kosa hata moja. Hata hivyo, mtu aliyekuwa juu ya vipimo vile alikuwa anaonekana kama amekalia misumari.

"Zungusha kwa nguvu kidogo."

Twiga akazungusha. Fundi akarudi hatua tatu nyuma, akasimama mgongoni mwake, akaanza kumtazama kama anavyotazama mteja yeyote. Hapo ndipo alipoona. Kila mguu wa kulia uliponyooka chini, nyonga iliinuka upande mmoja, kisha kisigino kikanyanyuka, na pumzi ikakatika kidogo sana. Mguu wa kushoto ulikuwa ukishuka vizuri. Wa kulia ulikuwa ukikwepa kitu.

"Unakaa upande."

"Sikai upande."

"Mimi ndiye niko nyuma yako, wewe unatazama ukuta. Unakaa upande. Tangu lini?"

"Tangu uanze kuniudhi."

"Ingekuwa hivyo ungekuwa umepinda toka siku ya harusi."

Akaweka kiganja chake juu ya kiuno cha Twiga, pale mgongo unapoishia. Alitegemea nyama laini iliyotulia. Akakuta ubao. Twiga akaruka kama aliyeguswa na waya wa umeme.

"Usinishike!"

"Nakushika kwa kazi, usijipe sifa. Shuka. Lala kwenye mkeka, chali."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu fundi ni mimi. Unataka kupangwa au hutaki?"

Akashuka. Alishuka kwa kushikilia meza, jambo ambalo Twiga hakuwahi kulifanya maishani mwake, akalala juu ya mkeka huku akitazama dari. Fundi akaushika mguu wa kushoto, akaunyanyua ukiwa umenyooka. Ukapanda hadi karibu kusimama wima. Akaushusha. Akashika wa kulia, akaanza kuunyanyua.

Haukufika hata kimo cha kiti. Twiga aliuma meno mpaka taya zikatuna. Jasho lilimtoka usoni kama anapanda mlima.

Fundi akauweka mguu chini polepole, polepole kuliko alivyokusudia.

"Panda tena," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kwani umeona nini?"

"Panda."

Akachukua spana. Akashusha tandiko upana wa kidole. "Zungusha." Nyonga ikainuka. Akashusha tena kidogo. "Zungusha." Kisigino kikatulia, lakini pumzi bado ilikuwa inakatika. Akainua vibao vya viwiko, akavivuta nyuma ili mgongo usijikunje sana. Akashusha tandiko tena. Alikuwa haangalii rula sasa, alikuwa anaangalia uso wa mtu, akitafuta pale ambapo uso ule utaacha kuumia. Akashusha mara ya mwisho, nusu ya kidole.

"Zungusha."

Miguu ikazunguka. Uso wa Twiga ukalegea kama wa mtoto aliyeshushwa mgongoni akiwa usingizini.

Fundi akachukua futi ya kupimia. Akapima, kisha akapima tena.

Sabini na nane na nusu.

Akapima vibao. Vilikuwa pale pale alipovikuta siku ile uani, wala havikupungua wala kuzidi. Kwa mikono yake mwenyewe, mchana kweupe, alikuwa amempangia baiskeli yule yule mtu mfupi aliyeivunja ndoa yake. Mwanamke aliyemchukia miezi mitatu alikuwa amelala mbele yake juu ya vibao, ana ndevu.

*

"Ni wewe," alisema.

Twiga akaacha kuzungusha.

"Ni wewe uliyeshusha. Hakukuwa na mtu."

"Nilikuambia hakuna."

"Ulisema hakuna, halafu ukanyamaza!"

"Ulitaka niseme mara ngapi?"

"Ulitakiwa useme unaumwa! Neno moja tu! Unaumwa nini?"

"Mshipa wa fahamu, hapa kiunoni. Umebanwa. Maumivu yanashuka mpaka kwenye unyayo. Daktari alisema nipumzike miezi minne, baiskeli marufuku, niogelee tu bila kupiga miguu. Nikawa nashusha tandiko kidogo kidogo ukiwa kazini, natafuta pasipouma."

"Nani mwingine alijua?"

Twiga akatazama pembeni.

"Mwalimu wa kuogelea. Aliniona majini mguu hausogei."

"Kwa hiyo yeye alijua, mimi sijui. Mimi mkeo. Mimi fundi wako. Halafu nikienda kumtukana unaniacha niende!"

"Ulipima baiskeli, mimi hukunipima!" Twiga akapaza sauti, na sauti ikagonga kwenye mabati. "Uliishika baiskeli, ukaigeuza, ukaiwekea rula, ukarudi ndani na hukumu. Ulikuwa unalala ubavuni kwangu, Fundi. Nilikuwa nashindwa kuvaa soksi. Hukuona! Ila tandiko limeshuka, hilo uliliona!"

Maneno yakamwingia Fundi pale yalipolengwa. Lakini hakuwa mtu wa kupigwa akakaa kimya.

"Na wewe ulikuwa unavaa soksi bafuni umefunga mlango! Nitaona kupitia ukuta? Mtu anayejificha anamlaumu vipi asiyemwona? Nijibu kwa nini. Kwa nini ulikubali uitwe mzinzi?"

"Kwa sababu ulinipendea miguu."

"Nini?"

"Ulisema mwenyewe. Siku ya harusi, umeshika kipaza sauti. Wakakuuliza umempendea nini huyu, ukasema, miguu yake. Watu wakacheka mpaka wakalia. Na mimi nikacheka. Mguu ulipoharibika, sikucheka tena." Akalipapasa paja la kulia. "Mwanamume anayesingiziwa mwanamke bado anaonekana mzima. Nikaona bora hilo."

"Ule ulikuwa utani!"

"Najua. Nilikaa nao hivyo hivyo."

"Mimi kila siku nashika miguu ya watu! Asubuhi miguu, mchana miguu, mingine inanuka! Ningekuwa naolewa kwa ajili ya miguu ningeolewa na timu nzima!"

Kama si ugomvi, hapo wangecheka. Mdomo wa Twiga ulicheza kidogo, kisha akaukaza.

"Tandiko umeliweka chini. Lirudishe juu."

"Siliinui."

"Tumekubaliana vipimo vya zamani."

"Ukipanda masaa mawili kwa vipimo vya zamani utashushwa kwenye baiskeli na watu wanne. Baada ya hapo hata kukimbia kufuata gari hutaweza. Miezi yote mitatu ulikuwa unapanda hivyo?"

"Tangu siku uliyoondoka. Nilirudisha kila kitu kwenye themanini na mbili. Kwa hasira. Nikasema kama kushusha tandiko ni dhambi, basi nitapanda juu hata mguu ukatike."

"Na wale mafundi watatu?"

"Niliwakataza wasishushe. Nilidhani wewe mkono wako utaweza. Uliponipanga mara ya kwanza nilikuwa sihisi hata kama nimekaa."

"Mkono wangu si dawa, Twiga!"

Twiga akashuka. Akachechemea hadi mezani, akakunjua zile karatasi, akachukua kalamu ya kuwekea alama mabomba, akasaini. Aliandika kwa kukandamiza hadi karatasi ikakwaruzika.

"Haya. Yangu nimefanya. Uko huru. Sasa inua tandiko."

Fundi alitazama jina la mumewe pale chini ya mstari. Miezi mitatu alikuwa ameisubiri saini ile kama mtu anayesubiri maji yarudi bombani. Sasa imekuja, na hakunyoosha mkono kuichukua.

Akaenda kwenye baiskeli. Twiga akadhani ameshinda. Fundi akalegeza bolti, akavuta tandiko pamoja na bomba lake lote, likachomoka, akalitia kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo.

"Unafanya nini?"

"Panda sasa. Kalia hewa."

"Fundi! Hiyo ni baiskeli yangu!"

"Niitie polisi. Waambie mke wangu kaninyima pa kukaa."

"Mimi si mumeo, nimesaini!"

"Hapo pana mistari miwili. Mmoja bado mweupe. Mpaka mimi nitie saini yangu, wewe ni mume wangu, na kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari. Ukibisha nitakubeba kwenye toroli ya mitungi ya gesi."

*

Wifi aliporudi, nywele nusu zimesukwa nusu bado, alikuta mmoja amekaa kwenye mkeka na mwingine juu ya ndoo, wametazamana kama paka wawili. Alikuwa amepigiwa simu na kila mmoja wao kwa wakati mmoja, hata msusi akakasirika. Akasikiliza yote amesimama. Walipomaliza akavuta pumzi.

"Kwa hiyo miezi mitatu mimi nabeba masufuria yenu huku na huku, mama hali vizuri, mtaa unatuimba, na kumbe ni kiuno?"

"Wifi, mimi..."

"Nyamaza! Na wewe mrefu usiyekuwa na akili, nyamaza vile vile. Kiuno! Kiuno kinawauma watu wote, na hakuna aliyevunja ndoa." Akamgeukia Fundi na kumnyooshea kidole. "Huyu utamshughulikia nyumbani. Lakini yuko mtu mmoja umemvua nguo mbele ya watu, na hana kosa. Mpigie simu. Sasa hivi, nikisikia."

Kugombana na Twiga Fundi alikuwa anaweza hata akiwa amelala. Kuomba msamaha hakujua kunaanzia wapi. Akapiga, akaweka sauti ya nje kama wifi alivyoamuru.

"Haloo."

"Haloo, mwalimu. Samahani, mimi ni..."

"Nakujua. Namba yako nimeiandika Kichaa wa Spana. Unataka nini?"

Twiga akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nimempima Twiga leo. Nimeelewa. Sikuwa najua kwamba anaumwa."

"Mimi nilimwambia akuambie, si mara moja. Hiyo ni juu yake. Ila wewe, dada, unakumbuka ulichonifanyia?"

"Nakumbuka."

"Sidhani. Ngoja nikusaidie. Ulikuja bwawani na ovaroli lako la grisi na spana mkononi, wanafunzi wangu wamo majini, ukapiga kelele kwamba mwenye miguu mifupi aliyepanda baiskeli ya mume wako atoke nje apimwe. Halafu ukanitazama toka juu mpaka chini ukasema, ndiye huyu, mguu hadi unyayo sentimita themanini na nane. Mbele ya watu kumi na wawili!"

Fundi akafumba macho. Kisha, kwa sababu alikuwa ni fundi na hakuweza kujizuia, akauliza kwa sauti ndogo:

"Si themanini na nane?"

"Themanini na tisa!"

Wifi akaketi chini, mabega yakitikisika. Fundi hakucheka.

"Nakuomba radhi, mwalimu."

"Kwa simu? Matusi ulileta kwa miguu yako, radhi unatuma kwa hewa? Kesho saa kumi nina darasa, na ni watu wale wale. Njoo usimame pale pale uliposimama. Bila spana."

Simu ikakatwa.

Jioni hiyo Twiga alimtumia ujumbe kutoka nyumbani kwake.

*Huna haja ya kwenda. Nitamwelezea mimi.*

Fundi akajibu: *Wewe ukielezea mambo huchukua miezi mitatu. Saa mbili asubuhi uwe tayari, tunaanzia kwa daktari.*

Ukapita muda. Kisha: *Soksi siwezi kuvaa.*

Aliusoma ujumbe ule mara nyingi. Akaandika: *Njoo na ndala.*

*

Daktari alisema yale yale aliyoyasema mwanzo, ila safari hii alisema kwa ukali, na miezi minne akaigeuza mitano. Mashindano ya Jumapili yakafa pale pale kwenye kiti cha plastiki. Njiani Twiga aliburuta ndala zake nyuma ya mkewe. Fundi naye hakumbembeleza.

Saa kumi walifika bwawani. Maji yalikuwa yananuka dawa. Vichwa kumi na viwili vyenye kofia za mpira vikageuka kwa pamoja, na mmoja wao, mzee mnene, akasogea taratibu upande wa mbali.

Mwalimu wa kuogelea alikuwa amesimama ukingoni, filimbi shingoni, mikono imekunjwa. Hakumkaribisha. Alionyesha kwa kidevu tu: pale.

Fundi akasimama pale. Angeambiwa afungue injini ya lori kwa meno angekubali haraka kuliko hili.

"Mimi ndiye niliyekuja siku ile," alianza.

"Wa nyuma hawasikii," mwalimu akasema.

Akapaza sauti. "Mimi ndiye niliyekuja siku ile! Nilisema mwalimu wenu amepanda baiskeli ya mume wangu. Hakupanda. Hakuna aliyepanda. Mume wangu alikuwa mgonjwa, na mimi sikuona. Nilimtukana mtu aliyekuwa anamsaidia. Nilisema kuhusu miguu yake. Miguu yake haina kosa, na yeye hana kosa. Mwalimu, nisamehe."

Maji yakapiga kingo. Yule mzee mnene akakohoa.

"Hayajaisha," sauti ikatoka kwenye benchi. Twiga alikuwa amesimama, ameshika ukuta, ndala miguuni. "Mwenye kosa la kwanza ni mimi. Nilinyamaza nikaona watu wawili wanaumizana kwa ajili yangu, nikaendelea kunyamaza. Mwalimu, nisamehe. Na wewe mke wangu." Akakwama. Akamtazama Fundi, akatazama sakafu, akamtazama tena. "Niliogopa. Basi. Sina maneno mengine."

Mwalimu wa kuogelea aliwaangalia wote wawili kwa muda mrefu, kama anayewatafutia adhabu ya kutosha.

"Nimesikia," alisema. "Kukusamehe, dada, bado. Nikiwa tayari nitakuambia. Wewe Twiga, vua ndala uingie majini. Ukipiga miguu nakutoa kwa sikio."

Twiga akasogea ukingoni. Kushuka kwenye ngazi kulimpa taabu, na Fundi, bila kujiuliza, akampa bega. Aliuhisi uzito wake wote. Walikuwa hawajagusana hivyo tangu zamani, na wote wawili wakajifanya ni jambo la kawaida.

"Bado una hasira?" Twiga akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Sana. Na nitakuwa nayo kwa muda. Wala usinichekeshe."

"Lakini unarudi nyumbani."

"Narudi. Nikakugombeze kwa karibu."

Maji yakamfika kiunoni. Alishika ngazi, hakutaka kuiachia.

"Na ile karatasi? Yangu tayari nimesaini. Wewe utasaini lini?"

Fundi akainama mpaka nyuso zao zikakaribiana, akamshika kidevu kile chenye ndevu, akakikaza.

"Siku utakayonificha hata mafua," alisema, akamsukuma majini.